Kona za Goba na Chuma Kilichotolewa

Vijana wangu, gari likigonga chini, msiwe na haraka ya kulinyamazisha.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonikera kila ninapopita kwenye gereji zenu, za Mbagala, za Chanika huku ninakoishi sasa, na hata kule Temeke nilikofanya kazi mpaka magoti yangu yakastaafu kabla yangu. Mteja anakuja, anasema gari linagonga akipita kwenye mashimo. Fundi anaingia chini, anatikisa hiki, anatikisa kile, anakuta linki ya stabilaiza imelegea. Badala ya kuibadilisha, anaing'oa. Wengine wanang'oa linki zote mbili pamoja na stabilaiza yenyewe. Gari linarudi barabarani kimya, mteja anashukuru, na kila mtu anaamini limepona.

Mazoea haya yana sababu zake, sitawadharau. Barabara zetu za ndani zinamaliza mipira ya gari haraka. Na mtu anayenunua gari lililotumika huja na fundi wake wa kusikiliza. Likigonga, biashara imeharibika. Kwa hiyo sote tumejifunza kuogopa kelele. Kuyumba hakupigi kelele, ndiyo maana hakuna anayekuogopa.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, stabilaiza ni nondo ya chuma cha springi, imekunjwa ncha zake kama pembe za ng'ombe, inalala chini ya gari kutoka gurudumu la mbele la kushoto hadi la kulia. Katikati imeshikwa na bushi mbili za mpira, na kila ncha imefungwa kwenye linki, kijiti kifupi cha chuma kinachoiunganisha na upande wa gurudumu. Ukipita juu ya tuta, magurudumu yote mawili yanapanda pamoja, nayo inajizungusha tu ndani ya bushi zake, haina habari. Ukikata kona, upande mmoja wa gari unazama na mwingine unanyanyuka. Hapo ndipo inapoingia kazini. Inasokotwa kama shuka lililolowa mikononi mwa watu wawili wanaolikamua, ila hii ni chuma cha springi, haikubali kusokotwa, kwa hiyo inaurudisha juu upande unaotaka kuzama. Ukiiondoa, gari litaegemea kila kona kama mlevi anayetafuta ukuta.

Aliyenionyesha haya kwa mara ya kwanza hakuwahi kuyasoma popote. Tulimwita Mgosi, maana alitoka Lushoto, na gereji yake ilikuwa kiwanja cha mchanga pale Tandika, chenye shimo moja la kuingilia chini ya gari na benchi moja la kukalia wateja. Vitabu nilivitafuta mwenyewe baadaye, vya mitumba, vya Kiingereza, nikavisoma na kamusi pembeni. Vilinieleza kwa nini. Namna nilikuwa nimekwisha kuiona kwa Mgosi.

Alikuwa na kanuni moja aliyoishika kama sala: kaa alipokaa anayelalamika. Alisema anayeleta gari gereji karibu kila mara ni dereva, na dereva ana usukani wa kushika, anajua kona inakuja, mwili wake umejiandaa kabla gari halijageuka. Kumuuliza dereva kama gari linayumba ni kama kumuuliza mpishi kama chakula kina chumvi. Siku moja mfanyabiashara wa mayai alilalamika kwamba mayai yanavunjika njiani. Mgosi, mtu mzima mwenye tumbo lake, alijikunja ndani ya buti, akaamuru aendeshwe hadi Mtoni na kurudi. Sisi tulicheka mpaka tukakaa chini. Alitoka na vumbi masikioni, akasema shokapu ya nyuma kulia imekufa, tena akaongeza kwamba angekuwa yai angevunjika pia.

Sasa niwaambie habari ya Mwalimu Rehema, maana ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Alikuwa anafundisha shule ya msingi Temeke na kuishi Goba, kule vilimani. Gari lake lilikuwa dogo la Kijapani, la aina ambayo mtaani mnaiita bebi woka. Alishuka na boksi mkononi, akatoa chuma chekundu kinachong'aa, kirefu kama mkono wa mtu mzima, akasema amekiagiza mtandaoni na angependa nikifunge siku hiyo hiyo. Nilimuuliza gari lina tatizo gani. Akajibu kwamba gari halina tatizo lolote, halina hata kelele. Mwenye tatizo ni baba yake.

Baba yake, Mzee Kibwana, alikuwa fundi cherehani wa zamani, Mzaramo, mzaliwa wa Temeke. Alikuwa amepata kiharusi, kikamchukua mkono na mguu wa kushoto, ndipo Rehema akamhamishia kwake Goba. Hospitali walimpangia mazoezi ya viungo kila wiki. Mtaalamu wa mazoezi alimweleza Rehema bila kuficha kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye neema. Mkono usipoamshwa katika miezi hiyo, huzoea kulala. Na mzee alikuwa anaendelea vizuri. Alikwisha kuanza kushika kitambaa kwa vidole viwili, akawa anamwonyesha kila mgeni.

Kisha akagoma. Mazoezi aliyataka, ila gari hakulitaka.

Ili mwelewe, fikirini alivyokaa. Alikaa mbele, upande wa kushoto wa dereva. Kishikio cha abiria kiko juu ya mlango, kushoto, kwa ajili ya mkono ule ule usiofanya kazi. Kutoka Goba kwenda chini kuna mteremko wenye kona zinazofuatana, kulia, kushoto, kulia. Kila kona gari lilipoinama, mzee alitupwa mlangoni, au alimwangukia binti yake, na hakuwa na kitu cha kushika. Siku ya mwisho, mkono wake mzima ulitafuta popote, ukakamata breki ya mkono na kuivuta, gari likaserereka likasimama pembeni ya mtaro. Hakuna aliyeumia. Lakini walipofika nyumbani mzee alimwambia binti yake kwamba hapandi tena gari lile. Kumhamishia kiti cha nyuma walikwisha kujaribu, akateleza mpaka chini. Bajaji hakutaka hata kuisikia.

"Ananiambia, 'Mie si gunia la mkaa, Rehema,'" alinieleza mwalimu, huku akikiangalia kile chuma chekundu kana kwamba ni dawa. "Wiki ya pili sasa hajaenda, fundi. Vile vidole vimeanza kukaza tena."

Kijana mmoja kwenye video alikuwa amemwambia kwamba ukifunga chuma kile gari haliyumbi tena. Nyie mnakiita strati ba. Kinakaa mbele, chini ya boneti, na kinaunganisha vichwa viwili vya shokapu, cha kushoto na cha kulia. Ni kitu kizuri, na nitakieleza bila kukitukana. Bodi ya gari si jiwe. Ukikata kona, bati linaloshikilia kichwa cha shokapu linajikunja kidogo sana, na gari lililochoka linajikunja zaidi. Chuma cha juu kinavifunga vile vichwa viwili pamoja, kwa hiyo usukani unajibu upesi na gari linafuata mstari. Lakini hakizuii gari kuinama. Kuinama ni kazi ya springi, shokapu na stabilaiza. Anayefunga chuma cha juu ili gari lisiiname ni sawa na anayefunga mkanda wa suruali ili viatu visimbane.

Nilimkumbuka Side wa Mbagala, mteja wangu wa siku nyingi, kijana mwenye roho safi na haraka nyingi. Alifunga chuma cha juu mwenyewe, cha rangi ya dhahabu, akaja kutuonyesha. Boneti haikufunga vizuri kwa sababu chuma kilikuwa kimenyanyuka mno, kwa hiyo akaifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Chini ya gari, linki moja ya stabilaiza ilikuwa imekatika na inaning'inia. Nilimwonyesha. Akaniambia hiyo haionekani. Wiki hiyo hiyo mpira ulikatika akiwa Barabara ya Kilwa, boneti ikafunguka na kulala juu ya kioo, akasimamisha gari kwa kuchungulia dirishani. Mama mmoja muuza ndizi alimwambia, "Kaka, gari yako inapiga miayo." Side mwenyewe ndiye aliyenisimulia kisa hicho, na mpaka leo ndiye anayekisimulia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kwa hiyo nilimwambia Mwalimu Rehema kwamba chuma chake tutakifunga, lakini kwanza nataka kukaa alipokaa baba yake.

Tulikwenda naye Goba, nikiendesha mimi. Sikuona jambo la ajabu. Gari lilikuwa juu kidogo, jepesi, lakini linaendeka. Tulipofika kileleni nikamkabidhi usukani, nikahamia kiti cha kushoto. Mkono wangu wa kushoto niliuchomeka ndani ya mkanda wa suruali, mguu wa kushoto nikaulegeza kabisa, nikamwambia ashuke kwa mwendo wake wa kila siku. Kona ya kwanza bega langu liligonga mlango. Ya pili nikamwangukia, nikamwomba radhi. Ya tatu nilitazama chini nikakuta mkono wangu wa kulia umeshika breki ya mkono, na sikumbuki kuupeleka pale.

Tuligeuza, tukapanda kwake. Mzee Kibwana alikuwa amekaa barazani, amevaa msuli na kofia, mkono wa kushoto umelazwa juu ya mto. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikamwambia Tabora. Hapo macho yakamchangamka, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara.

"Mnyamwezi," alisema. "Babu zako walibeba mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, haikutikisika. Wewe umepewa magurudumu manne na bado unamwaga watu?"

"Mizigo ile ilikuwa hailalamiki, mzee."

"Ingelalamika vipi na nyie mlikuwa mnaimba njia nzima?"

Rehema alicheka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kadhaa, kwa jinsi alivyogeuza uso. Nilimwambia mzee nimekaa kiti chake na nimevuta breki ya mkono kama yeye. Kisha akasema, safari hii bila utani, kwamba kinachomuumiza si kugonga mlango. Ni kwamba mtu mzima akirushwa kama kifurushi mbele ya mwanawe, kila siku anazidi kuwa kifurushi. Nikamwomba anipe siku chache. Akasema siku anazo, za kukaa barazani, nyingi tu.

Niliingia chini ya gari pale pale uani kwake, na jibu lilikuwa linanikodolea macho. Hapakuwa na stabilaiza. Bushi zake hazikuwepo, linki hazikuwepo, palibaki matundu ya bolti yaliyojaa udongo. Tena juu ya springi za mbele kulikuwa na spesa nene, zile mnazoweka kuinua gari lisiguse chini. Yaani gari lilinyanyuliwa juu, na kitu kikubwa cha kulizuia kuinama kikaondolewa. Rehema alikumbuka. Baada ya kulinunua lilikuwa linagonga, fundi wa jirani, Msafiri, akalitibu likawa kimya. Baadaye njia ya kwake ilipochimbika na mvua, Msafiri huyo huyo akaliinua.

Gereji ya Msafiri ilikuwa hatua chache chini ya kilima. Kijana mpole, kazi yake safi. Nilimuuliza kama anakumbuka stabilaiza ya gari la mwalimu. Akainua kidole juu. Tulikuwa tumesimama kivulini mwa turubai, na turubai lilikuwa limetandazwa juu ya nondo iliyokunjwa ncha zake kama pembe za ng'ombe.

"Si hiyo hapo, mzee," alisema. "Ilikuwa inapiga kelele bure. Huku inasaidia watu."

"Huku inamsaidia nani?"

"Wateja. Kivuli."

Sikuweza kukasirika. Alikuwa amefanya kile ambacho mji mzima unafanya, na mteja alitoka anacheka. Nilimwomba apande gari la Rehema, kiti cha kushoto, mkono mmoja mkandani, Rehema akiendesha. Waliporudi, Msafiri alishuka taratibu, akalipita turubai bila kuliangalia. Akauliza kwa sauti ya chini kama tunaweza kuirudisha leo leo, yeye atakaa juani.

Haikuwezekana. Ili ishike turubai vizuri, alikuwa ameipasha moto na kuinyoosha kidogo katikati. Shikeni hili: chuma cha springi kikishapashwa moto mpaka kikawa chekundu, kimekufa. Kinabaki na umbo, uspringi umekwenda. Ukikifunga, kitasokotwa na kubaki kimesokotwa, au kitakatika. Turubai likabaki na chuma chake.

Basi tukatafuta nyingine, mimi na Msafiri, kwenye maduka ya vipuri vya mitumba. Hapa ndipo penye kuboresha, na ndipo vijana wengi wanapoteleza. Gari lile lilikuwa na ndugu yake, umbo la chini lile lile ila mwili mzito zaidi, na stabilaiza ya ndugu huyo inaingia kwenye matundu yale yale. Tulipima kwa kalipa, kile kipimio cha unene. Ilikuwa nene kwa milimita mbili kuliko ile ya asili. Msafiri aliona hazitoshi, akaokota nyingine nene kama mpini wa nyundo. Nikamrudishia. Unene wa nondo ukiongezeka kidogo, ugumu wake unaongezeka mara nyingi zaidi ya unavyoona kwa macho. Na stabilaiza ngumu mno kwenye barabara zetu ni adui: gurudumu moja likiingia shimoni, inalivuta na la pili, abiria anarushwa kichwa upande upande. Mzee Kibwana angetoka kwenye kurushwa konani akaingia kwenye kurushwa shimoni. Tulichukua ile iliyozidi kwa milimita mbili.

Nyuma hatukuongeza kitu. Yapo magari madogo ambayo unaweza kufunga nondo ya ziada kwenye ekseli ya nyuma, na yanakata kona kama kisu. Lakini ukiifanya nyuma ngumu kuliko mbele, siku ya mvua mkia unakimbia mbele ya kichwa. Anayependa mashindano ajifunze hilo uwanjani. Mteremko wa Goba wenye tope si uwanja.

Kufunga kwenyewe tulifanya uani kwa Rehema, mzee akitusimamia kutoka barazani. Spesa nene tulizitoa, tukaweka nyembamba, maana njia ya kwake kweli ilikuwa mbaya na gari lisingefika nyumbani likiwa chini kabisa. Linki mpya. Bushi mpya, tukazipaka grisi ya silikoni. Msipake grisi nyeusi ya beringi kwenye mpira, unavimba na kuoza. Magurudumu yote mawili ya mbele lazima yawe kimo kimoja unapofunga linki. Ukiinua upande mmoja tu na jeki, nondo itakuwa imesokotwa kabla hujaanza na utapambana na bolti mpaka umtukane mama wa mtu. Na bolti za mwisho zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake chini. Kwa Mgosi tulikuwa na mwenzetu Hamisi ambaye alikaza kila kitu magurudumu yakining'inia, kwa sababu kulikuwa na nafasi ya kupitisha spana. Bushi zake zilichanika kila baada ya muda mfupi na akazilaumu kwamba ni feki. Mgosi alimwambia, "Wewe umevaa kanzu ukiwa umechuchumaa, sasa unashangaa ikichanika ukisimama."

Msafiri alijifunza yote hayo upesi. Alichokataa ni unga. Chuma chekundu cha Rehema tulikuwa tumekiweka juu ya vichwa vya shokapu, bado hatujakaza, na nilitaka kujua kama boneti itakigusa. Nikamwomba Rehema donge la unga wa chapati. Msafiri aliniangalia kama ninayetaka kupiga ramli. Nilibandika donge juu ya chuma, nikafunika na mfuko mwembamba wa plastiki, nikashusha boneti taratibu mpaka ikafunga, nikaifungua. Donge lilikuwa limebonyea lakini bado lina unene wa kidole. Maana yake hewa ipo, boneti haigusi. Kama lingekuwa limebanwa jembamba kama karatasi, chuma kingerudi mtandaoni.

"Mnyamwezi anapika chapati kwenye injini," mzee alisema kutoka barazani. "Rehema, mwone huyo asije akatuunguzia."

Chuma cha juu nacho kinakazwa gari likiwa chini, bila kukilazimisha. Kikiwa kifupi au kirefu kidogo, usitumie nyundo wala jeki kukifikisha. Rekebisha urefu wake kwenye ile skrubu yake mpaka bolti ziingie kwa vidole. Tulipomaliza nilimwambia Rehema ukweli: kazi kubwa imefanywa na kile cha chini asichokiona, na hiki chake kimesaidia usukani. Akasema hata hivyo kinapendeza. Nilikubali. Kinapendeza.

Siku ya mazoezi ilipofika, mzee alivaa, akatoka hadi mlangoni mwa gari, akasimama. Rehema alishika mlango. Niliona jinsi anavyoubana ufunguo mkononi. Kama angerudi barazani siku ile, asingetoka tena, na sote watatu tulijua.

"Nitapanda," mzee alisema. "Ila huyu mpagazi akae nyuma. Nikimwagika, nimwagike juu yake."

Nikakaa nyuma. Rehema aliendesha kwa mwendo wake wa kila siku, kama tulivyokubaliana, maana kumdanganya kwa mwendo wa konokono kusingefaa kitu. Kona ya kwanza niliangalia bega lake. Lilisogea kidogo, likarudi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja ngumi juu ya paja, tayari kukamata chochote. Kona ya pili ngumi ilikuwa bado ipo. Tulipita kwenye mashimo, gari likagonga kidogo, sauti kavu ya linki mpya, na nikasikia mzee anapumua. Kona ya tatu sikuweza kuuona mkono wake tena kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimeinama mbele. Rehema naye aliona. Alinitazama kwenye kioo, uso umembadilika, mguu wake ukaanza kutafuta breki.

Nilijivuta mbele katikati ya viti. Ngumi ilikuwa imefunguka, kiganja kikitazama juu. Mdomo wazi kidogo. Mzee Kibwana alikuwa anakoroma.

Nikamwashiria Rehema aendelee. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akabadilisha gia, akaendelea kushuka. Mbele ya hospitali mzee alizinduka, akauliza kama kona zimekwisha, akaambiwa zimekwisha zamani. Alilalamika kwamba hatukumwamsha kuziona. Kisha akatoa mguu wa kushoto kwanza, kwa kuunyanyua na mkono wa kulia, akauweka chini, akasimama.

Vijana, mtafunga vyuma vya rangi nyingi, na sitawazuia. Mimi mwenyewe nikiona gari limekaa vizuri barabarani nageuza shingo. Msafiri siku hizi ndiye anayeletewa magari mpaka kutoka Mbezi, na kila mteja mpya anaulizwa kwanza, nani anakaa wapi. Hilo linanipa raha kuliko kazi nyingi nilizozifanya kwa mikono yangu.

Wiki iliyofuata baada ya safari ile, Rehema alinipigia simu asubuhi kunishukuru. Alikuwa ananieleza kuhusu vile vidole, kwamba mtaalamu amesema hawakuchelewa sana, ndipo honi ikaanza kulia nyuma yake, ndefu, haikomi. Nilimuuliza kuna nini.

"Baba," alisema. "Ameshakaa garini kitambo huko. Anasema tunachelewa. Samahani, fundi, ngoja nimuwahi kabla hajaamsha Goba yote."